Sindano Moja au Mbili

3 Machi

Shikamoo Baba,

Najua barua hii unasomewa na Dada kwa ile sauti yake ya kuita mbuzi, kwa hiyo na yeye shikamoo yake aichukue hapo hapo.

Nimefika salama, chumba nimepata, kazi nimeanza. Siku ile kituoni uliniuliza nakwenda kufanya nini hasa, nikakujibu kwa mikono, maana basi lilikuwa linanguruma na masikio yako tunayajua. Sasa nakujibu vizuri.

Kuna mwanamke. Alifariki zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, akalazwa kwenye pango kavu, kavu kiasi kwamba hata kuoza hakukupata nafasi. Amekauka tu. Ngozi ipo, nywele zipo, na mguu mmoja alikutwa amevaa kiatu. Hapa tunamwita Bibi. Kazi yangu ni kuchukua kipande cha ngozi yake, kidogo kama ukucha wa mtoto, nitafute kama protini zake bado zimo, na ripoti niikabidhi Septemba. Protini ndizo zinazojenga mwili: ngozi, nyama, damu, nywele, hata mate. Mtu akifa zinavunjika vunjika, lakini pakiwa pakavu baadhi hubaki, vipande vipande, na tuna mashine ya kuvisoma vipande hivyo na kutuambia hiki kilikuwa ngozi, hiki kilikuwa damu.

Wiki ya kwanza mashine ilisoma kondoo. Tukashangaa, kondoo kaingiaje pangoni? Kumbe mwenzangu alivaa sweta la sufu. Mkuu wetu, mama mmoja tunayemwita Bi Glavu kwa sababu hata kalamu haishiki bila glavu, alimtoa nje yeye na sweta lake. Wiki ya pili ikasoma ngozi ya binadamu. Tukapiga makofi, kisha Bi Glavu akatuonyesha kwamba yule binadamu ni mimi. Nilikuwa nimejikuna.

Shida yangu ni hii, Baba. Ngozi ya Bibi ni ngumu kama soli. Vitabu vinasema iloweshwe kwenye dawa saa kadhaa, lakini nikiitia inapasuka juu na ndani bado kavu. Nikajiuliza, nani ninayemjua duniani ameishi na ngozi ngumu miaka hamsini? Ngozi iliyokauka unailainishaje bila kuipasua?

Mwanao, kitinda mimba


19 Machi

Kitinda mimba,

Marahaba. Dada yako naye anasema marahaba, na kwamba sauti yake si ya kuita mbuzi. Ni ya kuita mbuzi. Mimi kiziwi naisikia.

Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asipunguze neno.

(Sipunguzi. Ila anaongea utadhani nina mikono minne. Dada.)

Ngozi kavu haiogeshwi, inanyweshwa. Ukiitumbukiza, ya juu inakunywa kwa pupa na kuvimba, ya ndani haina habari, basi ya juu inapasuka. Chukua kitambaa, kiloweshe hiyo dawa yako, ukikamue mpaka kisidondoke tone. Izungushie, ifunike na bakuli, uiache. Kesho yake kitambaa kingine. Siku tatu, siku nne. Ikikubali utaijua kwa kidole: inakuwa baridi, na ukiikunja haikatai. Wewe ulikaa chini ya meza yangu miaka mingapi? Hili ulipaswa uwe unalijua.

Jirani aliuliza unafanya kazi gani, dada yako akamjibu maiti zilizokauka. Sasa jirani anasema hiyo ndiyo mumiani yenyewe, na tangu juzi hapiti mlangoni kwetu. Viatu vyake viko tayari. Sijui atavichukuaje.

Na mimi nina swali langu. Umesema Bibi kakutwa na kiatu. Kimeshonwaje? Tazama ukingo wa soli, uniambie ni sindano moja au mbili. Ikiwa moja, uzi unaingia na kutoka, unaingia na kutoka, na utaona nafasi pale mshono unaporuka. Uzi huo ukikatika mahali pamoja tu, wote unafumuka. Ikiwa mbili, nyuzi zinapishana katika kila tundu, kila mshono unajitegemea, na nafasi huzioni. Lakini muda wake ni mara mbili. Anayeshona kwa sindano mbili ama ni fundi wa kweli, ama anampenda mwenye mguu. Nimeshona miaka hamsini na sijawahi kupata mtu wa kumuuliza watu wa kale walifanyaje. Sasa nimekupata wewe. Usisahau.

(Anakohoa. Amesema nisiandike kwamba anakohoa. Sijaandika. Dada.)

Baba yako, fundi wa viatu, kwa mkono wa dada yako


8 Aprili

Shikamoo Baba, shikamoo Dada,

Imekubali! Siku ya nne niliigusa ikawa baridi, nikaikunja, haikukataa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Bi Glavu akaniuliza njia hii nimeisoma wapi, nikamwambia kwa baba yangu, fundi viatu. Akafungua daftari lake akaandika "fundi viatu", wala hakucheka. Yeye hacheki.

Sasa sikiliza tulichokipata. Protini ya ngozi yenyewe ipo, ile ndefu inayoishikilia ngozi isifumuke, ambayo ndiyo hiyo hiyo unayoipiga nyundo kila siku kwenye ngozi ya ng'ombe. Hiyo tuliitarajia. Lakini tulichukua pia kipande cha pafu lake, tukakinywesha kwa njia yako. Hapo ndipo nilipokaa chini. Kulikuwa na protini za damu zile ambazo mwili hutuma kupigana ugonjwa unapoingia, nyingi kupita kiasi. Maana yake Bibi aliugua kifua. Na hakwenda ghafla. Mwili wake ulikuwa bado unapigana alipokata roho. Miaka yote hii, Baba, na yale mapigano bado yamo. Hakuna aliyeandika kwamba mwanamke huyu alikohoa. Hakuna jiwe, hakuna jina, na watoto wake kama alikuwa nao wamekwisha kuwa vumbi. Lakini nimejua mimi. Nilirudi chumbani nikiwa na furaha hata chakula nikasahau.

Kiatu sijakitazama. Kilivuliwa, kimehifadhiwa chumba kingine, na mtunza ghala hatoi kitu bila barua ya maombi. Nitamwandikia.

Na hicho kikohozi ambacho Dada hajakiandika ni cha nini? Nimeipiga simu ya Dada mara tatu, haipatikani.

Mwanao, kitinda mimba


27 Aprili

Kitinda mimba,

Marahaba.

Kikohozi ni vumbi la ngozi. Fundi asiyekohoa hajafanya kazi. Simu ya dada yako ilianguka kwenye beseni la kulowekea. Akaitoa, akaifukia kwenye mchele siku mbili. Mchele tumeula, simu haijapona.

Nimefurahi kwa habari ya Bibi. Dada yako amenisomea barua yako mara mbili, na mara ya tatu nikamwomba anisomee pale pa pafu peke yake. Kwa hiyo alipigana. Vizuri. Mtu angeweza kudhani alijilaza tu akaisha.

(Hapa amenyamaza. Nimekwenda kuchemsha maji nikarudi, bado amenyamaza. Dada.)

Likizo usije. Nakujua, wewe ukisikia mtu kapiga chafya unafunga mzigo. Mama yenu alipofariki uliacha chuo, ukaja ukakaa hapa miaka miwili ukinitazama nikila. Sikukufukuza, na kosa hilo ni langu. Safari hii maliza. Umesema ripoti ni Septemba, basi maliza hiyo Septemba, halafu njoo na karatasi yako mkononi nami nitaitia kwenye fremu kama mtu aliyesoma. Nimelisema hili na dada yako amelisikia.

Kiatu umekitazama?

Baba yako, fundi

(Amesema "fundi" inatosha, "wa viatu" inamchosha. Dada.)


20 Mei

Shikamoo Baba, shikamoo Dada,

Nisameheni kwa kukawia. Bi Glavu ametaka kila kipimo kirudiwe mara tatu, kisha mara ya nne kwa ajili ya usingizi wake. Naingia asubuhi natoka nimesahau hata ni siku gani. Nakiri, ile barua ya kuomba kiatu sijaiandika. Kila nikikaa kuiandika naitwa. Si kwamba nimesahau, Baba.

Nina swali lingine la ngozi. Kisigino cha Bibi kina ngozi nene kuliko yote, maana alikuwa mtembeaji. Nimekinywesha kwa kitambaa siku tisa, hakijakubali. Kipande nilicho nacho ni hicho kimoja, nikikiharibu hakuna kingine, na Bi Glavu anakitazama kwa jicho la "nitakuona". Ngozi ya namna hiyo wewe ungeifanyaje?

Kikohozi je? Na simu mnanunua lini?

Mwanao, kitinda mimba


14 Juni

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimefurahi sana kusikia kwamba u mzima wa afya. Sisi hapa hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kikohozi kimepungua. Kazi inaendelea vizuri, wateja wapo, na yule jirani amekuja kuchukua viatu vyake.

Kuhusu kisigino, usihangaike. Kitu chochote kikavu hulainishwa kwa maji ya moto. Chemsha maji, tia chumvi kidogo, kitumbukize humo, funika, kisha epua. Kitalainika chenyewe bila taabu.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Wewe endelea na kazi yako mpaka umalize, kama nilivyokuagiza. Tunakuombea kila siku.

Baba yako akupendaye


2 Julai

Dada,

Barua hii usimsomee mtu. Najua hakuna wa kumsomea.

Nilipokuwa na miaka saba nilichukua kipande cha ngozi ya soli nikakitia kwenye sufuria yako ya chai, maji yakiwa yanatokota. Nilitaka kilainike haraka nimshonee mwanasesere wangu kiatu. Kilijikunja mbele ya macho yangu kikawa kama sikio la panya, kikaanza kunata. Baba hakunipiga. Alikipigilia msumari ukutani juu ya meza yake, akaniambia ngozi ikionja maji ya moto si ngozi tena, ni gundi. Bado kipo pale ukutani. Na huku maabara ndilo jambo la kwanza nililofundishwa, kwa maneno marefu zaidi: joto linaifumua protini ya ngozi, na ikishafumuka hairudi. Baba angetafuna meza yake kabla ya kuniambia nichemshe ngozi. Na chumvi, Dada! Ulikuwa unanipikia.

Tangu lini Baba akaniita mwanangu mpendwa? Na wewe hukuingilia hata mara moja. Na kiatu hakukiuliza.

Ile barua ya Juni niliisoma nimesimama koridoni. Bi Glavu akapita, akaniuliza kuna nini, nikamjibu baba yangu amefariki. Nilishangaa kujisikia nikisema, maana nilikuwa bado sijajiambia mwenyewe. Alivua glavu akanishika mkono. Miezi minne nilikuwa sijawahi kuviona vidole vyake.

Nina hasira na wewe. Mlikaa wawili mkaamua nisimzike baba yangu. Lakini nikiilaza hiyo hasira kidogo, chini yake naikuta nyingine, na hiyo ni yangu mwenyewe. Nimesoma kifua cha mwanamke aliyekufa kabla ya mababu wa mababu zetu, nikajua kwamba alipigana. Kikohozi cha baba yangu kiliandikwa kwa wino, kwa mwandiko wako ninaoujua, nikakipita nikienda kuuliza habari za simu. Na nilimwandikia mtu anayekufa kwa kifua jinsi mtu anavyokufa kwa kifua, tena kwa furaha, na wewe ukalazimika kumsomea mara tatu.

Sikukuamkia. Utanisamehe, au basi usinisamehe.

Niambie ilikuwa lini. Niambie yote, na usipunguze neno.

Kitinda mimba


18 Julai

Kitinda mimba,

Njia ya mwongo ni fupi. Nilijua hivyo, ila sikujua kwamba inapita kwenye sufuria ya chai.

Baba alifariki tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi kwa sababu alitaka kuliona banda lake la kushonea. Barua yako ya tarehe 20 ulimwandikia akiwa ardhini siku tisa. Waliokuja kuzika niliwaambia nimekwisha kukuarifu na kwamba umekosa nafasi ya kuja. Wamekusema vibaya, na nimewaacha wakuseme. Hilo nalo lihesabu.

Ugonjwa ulianza kabla hujaondoka. Siku ile kituoni alikuwa anajua. Daktari alimwambia ni mapafu na kwamba hayatarudi, akavaa koti lake, akaja nyumbani akamaliza viatu vya jirani. Akaniapisha nisikuambie mpaka Septemba. Nikamwambia, Baba, mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema kifo kikimuumbua yeye hatakuwepo kuona aibu. Unamjua.

Ningeweza kuishia hapo, ukanionea huruma, dada mtiifu aliyefuata wosia. Lakini umesema nisipunguze. Wosia ulisema nisikuambie. Haukusema nijifanye Baba. Ningeweza kukaa kimya nikasingizia posta. Sasa kwa nini niliandika? Miaka yote tangu uondoke kwenda shule, barua ni za Baba. Mimi ni shikamoo moja pale juu, halafu ngozi, mashine, Bibi. Nilikuwa naweka maneno yangu kwenye mabano, kama mtu anayekatiza sebuleni na sinia wakati wenzake wanaongea. Utoto wetu ulikuwa hivyo pia. Wewe chini ya meza yake, mimi jikoni. Ndiyo maana sikujua habari ya ngozi na maji ya moto. Kile kipande ukutani nilidhani ni uchafu tu wa banda, na nimekipangusa vumbi miaka ishirini bila kuuliza.

Barua yako ilipofika, nilikaa nayo kwenye kiti chake mpaka jua likahama. Nilijiuliza, Baba akiwa hayupo, huyu ataniandikia nini mimi? Tutaandikiana habari ya mazishi, kisha sikukuu, kisha basi. Niliogopa, mdogo wangu. Bora nikuandikie kwa jina lake uendelee kujibu. Basi nikachukua kalamu, nikawa Baba, nikachemsha ngozi.

Bado kuna moja, na ndilo linaloninyima usingizi.

Wiki ile ya mwisho hakuwa anauliza mambo mengi. Hakuuliza dawa, hakuuliza nani kaja. Alikuwa anauliza kiatu. Barua imekuja? Bado, Baba. Amesema nini habari ya kiatu? Bado. Asubuhi ya mwisho akauliza tena, sauti imekuwa nyembamba. Nikachukua barua yako ya Aprili, ile ile ya zamani, nikaifungua mbele yake, nikaweka mdomo kwenye sikio lake nikasoma kitu ambacho hakimo.

Nilisema, "Mbili, Baba. Amesema ni sindano mbili."

Akasema, "Nilijua."

Hakusema kitu kingine tena. Saa moja baadaye alikuwa ameondoka.

Nilimdanganya mtu anayekata roho, na mpaka leo sijui kama nilisema uongo au nilibahatisha kweli. Usiku nalala nikimwona amekutana na huyo Bibi wako, anainama kumtazama miguu.

Nguo zake nilizifua zote siku ya tatu, pamoja na aproni, kwa sabuni na brashi, kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Nilipozianika ndipo nikakumbuka unachofanya huko, kwamba unatafuta mtu katika vitu alivyoviacha, nami nimemsuuza baba yetu nikammwaga uwanjani. Nililia pale kwenye kamba. Kitu kimoja tu hakikupita majini: subana yake ya ngozi, ile aliyovaa kwenye kidole gumba akivuta uzi. Niliikuta mfukoni mwa koti aliloendea kwa daktari. Naiweka ndani ya bahasha hii. Ni yako.

Sikuombi unisamehe.

Dada yako


3 Agosti

Kwa Mtunza Ghala,

Narudisha kiatu cha mguu wa kulia nilichokiomba kwa barua ya tarehe 30 Julai. Sikukikata wala kukilowesha. Nilikitazama kwa lenzi saa moja na robo, kwenye meza yako, na nakushukuru kwa kunipa kiti.

Kwenye kadi yake sehemu ya mshono imeachwa wazi. Naomba ijazwe hivi: soli ni ngozi ya mnyama, tabaka mbili. Ukingo umeshonwa kwa uzi wa kano, sindano moja. Uzi unaingia na kutoka, na nafasi pale mishono inaporuka zinaonekana wazi. Uzi umekatika karibu na kisigino, na mshono umefumuka hadi usawa wa kidole gumba. Aliyeshona alikuwa na haraka.

Nimeangalia mara tatu na nina hakika.

Mtafiti, maabara ya chini


3 Agosti

Shikamoo Dada,

Subana imefika. Niliifungua mezani, na Bi Glavu alikuwa pembeni. Akaniambia taratibu, kama anayeogopa kuniumiza, kwamba nikitaka, kipande kidogo kuliko punje ya mchele kingetosha. Mashine ingemsoma Baba mle ndani: ngozi ya kidole chake, jasho lake la miaka yote hiyo, pengine hata damu ya siku alizojichoma. Nikamwambia hapana. Nikavua glavu nikaivaa. Inanipwaya. Kwa utafiti imeshaharibika, maana imeingia ngozi yangu juu ya ngozi yake na hakuna mashine itakayotutenganisha. Bi Glavu aliona, akarudi kwenye mashine yake.

Kile kisigino kimekataa kabisa. Nimekirudisha sandukuni kikiwa kikavu kama kilivyokuja. Pengine atatokea mtu mwenye njia bora.

Uliyoyasema kuhusu mabano nimeyasoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya Baba. Hukunionea. Ndivyo nilivyokuwa. Mazishi sitayapata tena, maji yakimwagika hayazoleki, na itanichukua muda kuacha kukukasirikia. Lakini nitakukasirikia nikiwa huko huko nyumbani, tukila sahani moja. Ripoti naikabidhi tarehe 9 Septemba kama alivyotaka. Tarehe 12 nitakuwa mlangoni. Wewe utanipeleka kaburini kwake, nami nitakukalisha kwenye kiti chake nikuonyeshe kile kipande ukutani.

Kabla ya hapo niandikie. Niambie umekula nini, jirani amesema nini, banda limefunguliwa au limefungwa. Na uandike katikati ya karatasi.

Kuhusu lile linalokunyima usingizi. Hatimaye niliandika ile barua ya maombi, mistari minne tu, nikapewa kiatu. Nimekitazama kwa lenzi zaidi ya saa nzima, ukingo wote, kutoka kisigino hadi kidole gumba. Nyuzi zinapishana katika kila tundu, Dada. Nafasi hakuna, na mshono haujafumuka popote. Ni sindano mbili. Ulimwambia kweli.

Mdogo wako